Mara ya Tatu

Mswada huzaliwa bila kulia.
Mara ya kwanza husomwa jina tu,
kisha hukabidhiwa kamati,
nayo kamati hukabidhiwa chai.

Mimi ni mwandishi wa hansadi, Bunge la Kaunti.
Naketi hatua mbili kutoka kiti cha Spika,
masikio nimeyakodisha.
Mheshimiwa akinena, naandika.
Wakipiga meza, naandika (Makofi).
Akimtania mwenzake juu ya kitambi,
naandika (Kicheko).
Kwa wanaosinzia hatujapewa mabano.

Mswada wa Vyakula vya Barabarani, kurasa kumi na tisa.
Kifungu cha saba: jiko lolote la makaa
litakaa mita ishirini na tano kutoka mlango wa duka,
na mwenye jiko atakuwa na maji yanayotiririka.
Niliyachapa hayo pasi na kukosea nukta.
Shangazi yangu Mwelu hukaanga mihogo Landhies,
hatua nne kutoka duka la misumari.
Maji yake huja kwa mkokoteni, mitungi miwili,
na yakitiririka, basi mtungi umetoboka.

Umma uliitwa utoe maoni.
Tangazo lilikuwa gazetini, ukurasa wa thelathini na moja,
kati ya mnada wa matrekta
na shukrani za familia ya marehemu.
Jumanne, saa tatu asubuhi, ukumbini Kaloleni,
saa ambayo karai la pili ndilo linachemka.
Walikuja saba. Wanne walikuwa wafanyakazi wetu.
Ripoti ikasema umma umeshirikishwa ipasavyo.
Ukurasa ule shangazi alikuwa nao, tusimsingizie.
Aliutumia kufungia mihogo ya fundi saa,
mafuta yakaulowesha
hadi mnada wa matrekta ukasomeka kutoka nyuma.

Mara ya pili walijadili siku mbili.
Mwakilishi mmoja, Kilundo, akauliza mabomba yatatoka wapi.
Akaambiwa muda wake umekwisha.
Na kweli ulikuwa umekwisha, taa nyekundu imewaka;
nyumba ile haimdhulumu mtu dakika.

Mara ya tatu, Alhamisi,
mvua inachapa madirisha ya Jumba la Jiji,
siwa imelala mezani, haina habari.
"Wanaoafiki waseme Ndiyo."
Ndiyo ikanguruma kama jenereta.
"Wasioafiki waseme La."
Kilundo akasema, na wawili waliokaa karibu naye.
Halafu juu, kwenye roshani ya wageni,
La nyingine, nyembamba, kali,
ya mtu aliyezoea kuita wateja kupita honi.
Sikuhitaji kugeuka.
Aproni ile naijua kwa harufu.

Kanuni zasema mgeni hana sauti.
Sajini alimshika kiwiko, kwa adabu,
kama anayemvusha ajuza barabara.
Vidole vyangu vikasimama juu ya herufi.
"Walioafiki wameshinda," akasema Spika,
nami nikaandika walioafiki wameshinda.
Kisha, mara ya kwanza kwa miaka kumi na mmoja,
nikafungua mabano nisijue nitatia nini,
nikayafunga.
(          )
Mhariri atadhani ni kosa la mashine.

Jioni nilimkuta Landhies anapima kwa miguu,
midomo ikihesabu,
toka mlango wa misumari kwenda kusini.
Mita zilipotimia
akajikuta mlangoni pa duka la magodoro.
Akarudi kwa jiko lake bila neno.

Nikamweleza: gavana ana siku kumi na nne za kutia sahihi.
"Mhogo una dakika sita," akasema.
Mkobani nilikuwa na karatasi za rasimu.
Akavuta moja, akaikunja pembe,
akatia vipande, chumvi, pilipili, akakamua ndimu.
"Kifungu gani hiki?"
"Cha saba."
Akakitazama kikilowa herufi kwa herufi.
"Kinanyonya vizuri," akasema,
akamwita anayefuata.